"In hand", "on hand", "at hand": ipi inakaa wapi?

Mhariri_Moro: Wakuu, nahariri ripoti ya mradi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ukurasa mmoja una "cash in hand", "staff at hand" na "the task on hand". Ipi ibaki, ipi ibadilike?

KalamuNyekundu: "On hand" ni mtu au kitu kilichopo tayari kutumika. "Two nurses were on hand", yaani wauguzi wawili walikuwepo palepale, tayari kuhudumia. Kwa hiyo andika "staff on hand". "At hand" hubeba ukaribu, wa mahali au wa wakati: "help is at hand", msaada u karibu. Shughuli inayokukabili sasa hivi ni "the task at hand". Waingereza husema pia "the task in hand". Wao ndio wenye "to hand" vilevile: "I don't have the file to hand", faili sinalo hapa nilipo.

Mizania: Kwenye fedha nenda taratibu. Katika mizania "cash in hand" ni sawa kabisa, ni taslimu iliyopo ofisini. Hesabu za kampuni za Uingereza zina kipengele kinachoitwa "cash at bank and in hand". Wamarekani hupendelea "cash on hand". Tatizo linakuja ukiandika "casual workers were paid cash in hand". Mwingereza hapo anaelewa kwamba vibarua walilipwa kienyeji, pengine bila kodi kukatwa, na mfadhili lazima atauliza. Andika "paid in cash", kisha taja namba za vocha za malipo.

KalamuNyekundu: Nyongeza muhimu: "out of hand" si kinyume cha "in hand" (kitu kilichodhibitiwa) kila mahali. Tazama kitenzi. "The meeting got out of hand", mkutano ulishindikana kudhibitiwa. Lakini "the board rejected the proposal out of hand" ni kwamba bodi ilikataa papo hapo, bila hata kulijadili pendekezo. Wengi huitafsiri hii ya pili kama vurugu, na maana yote inapotea.

Winga_Kushoto: Kwenye soka, "two games in hand" ni viporo viwili: timu imecheza mechi mbili pungufu ya mpinzani wake kwenye msimamo.

Mhariri_Moro: Shukrani. Na "repairs are in hand"?

KalamuNyekundu: Ibaki kama matengenezo yanashughulikiwa kweli. Kama fundi hata hajateuliwa, andika "planned".