Waliofunga relei na fyuzi kwenye taa za mbele za magari ya zamani, tupeane uzoefu

Mzee wa Kabureta
Wakuu, jana usiku nimepishana na gari la zamani limenyooshwa vizuri, rangi inang'aa, lakini taa za mbele zimezimia, njano tupu. Mwenyewe yumkini anadhani balbu ndizo mbovu.

Kwa wasiojua: magari mengi ya enzi hizo, moto wote wa taa unatoka betri, unapita swichi ya dashibodi, unaenda swichi ya dimu, ndipo unarudi mbele kwenye balbu. Safari ndefu, waya mwembamba, viungo vimeota kutu ya kijani. La kwangu, injini ikiunguruma, betri ilisoma volti 13.6, kwenye soketi ya balbu 11.3. Na mwanga haupungui sawasawa na volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti, mwanga unaopotea unakaribia asilimia 30. Nikafunga relei mbili (relei ni swichi ya umeme: moto mdogo wa swichi ya zamani unaiwasha, nayo inapitisha moto mkubwa wa taa moja kwa moja kutoka betri), moja ya fulu, taa ya mbali, moja ya dimu, taa ya karibu, balbu zilezile. Likawa gari jingine.

Waliopitia haya waje.

Dimu ya Mguuni
Kweli kabisa mkuu. Swichi yangu ya kukanyaga ilikuwa inachemka hadi unaisikia kwenye soli ya kiatu. Balbu mbili za wati 60 ni ampea 10 zinapita pale. Koili ya relei, ile sumaku ya umeme inayoiwasha, haili hata robo ampea. Siku hizi imepoa, naikanyaga hata pekupeku.

Binti Spana
Mmeanza kusifia mapema. Ngoja niwape ya gari la mjomba.

Alilipeleka kwa fundi, likarudi na taa kali mno, mjomba akawa anatafuta visingizio vya kutoka usiku. Siku yenyewe tunashuka mlima, kona juu ya kona, manyunyu. Nikasikia harufu ya plastiki inayoanza kuiva. Namwambia mjomba, anasema ni breki hizo. Kona iliyofuata taa zikafifia, zikarudi, zikafa. Ukipiga fulu hakuna, dimu hakuna. Wanaosema giza totoro hawajawahi kuwa ndani ya kitu kinachotembea.

Mjomba hakukanyaga breki kwa pupa. Alishusha gia, akawa anasikiliza matairi: yakianza kulia changarawe anajua yuko ukingoni, anarudisha usukani kidogo. Tukasimama. Nikashusha pumzi, kumbe moshi ndiyo kwanza unatoka kwenye boneti.

Kufungua, waya mnene wa kutoka betri kwenda relei umeiva mwekundu, ganda linadondoka matone juu ya betri. Temino imebanwa. Mjomba anaita spana namba 10, mimi napapasa chini ya kiti gizani, nampa 13. "Kumi, mwanangu, kumi!" Mwisho akajifunga shati mkononi, akaitikisa temino kwa hasira mpaka ikachomoka.

Kulipokucha ndiyo tukaona. Waya ulipitishwa kwenye tundu la bati karibu na rejeta bila raba. Bati likala ganda taratibu hadi shaba ikagusa bodi. Na fyuzi zilikuwepo! Zimefungwa baada ya relei. Nzima zote, hakuna hata moja iliyokatika.

Fulu Tanki
Dada, mjomba alipona?

Binti Spana
Mjomba mzima. Shati ndiyo marehemu.

Kondakta Mstaafu
Kisa kitamu, ila gari lenye umri huo mnatoka usiku bila kizima moto, spana hamjui ilipo, halafu lawama zote kwa fundi?

Binti Spana
Kaka, ungekuwepo ungeuzima kwa mdomo.

Fulu Tanki
Mimi nataka kujua mlishukaje mlima baada ya hapo.

Binti Spana
Hatukushuka. Tulilala ndani ya gari mpaka asubuhi, mjomba anakoroma kama hakuna kilichotokea.

Mzee wa Kabureta
Jamani turudi kwenye mada. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya, na balbu haina habari nayo. Kwa hiyo inakaa shubiri moja kutoka betri, maana kipande chote kilicho kabla yake hakina mlinzi. Mimi nimeweka mbili za ampea 15, kila relei na yake, waya wa milimita 2.5 za mraba.

Kondakta Mstaafu
Mbili za nini? Moja ya 30, kazi imeisha.

Dimu ya Mguuni
Ikikatika hiyo moja yako mzee, utatuandikia ukiwa mtaroni. Mimi ninazo nne za ampea 10, kila filamenti na yake. Ikifa dimu ya kushoto, ya kulia inabaki.

Bodi Ngumu
Wala msicheke. Magari mengi ya Kiingereza ya zamani yalitoka kiwandani bila fyuzi kabisa kwenye taa za mbele, kwa hofu hiyohiyo ya kuzimikiwa ghafla. Wamarekani wao waliweka kikata umeme ndani ya swichi: kikipata joto kinakata, kikipoa kinarudisha, taa zinawaka na kuzima lakini unaona pa kuegesha. Huo ndio uungwana.

Kijana wa LED
Mnajitesa. Chomeka LED, zinakula umeme kidogo, waya wa zamani unatosha.

Bodi Ngumu
Na anayekuja mbele yako umpofushe? Reflekta imechongwa kwa filamenti iliyokaa mahali pake. Ukiweka LED, mwanga unatapakaa hadi juu ya miti.

Kijana wa LED
Zangu hakuna aliyelalamika.

Bodi Ngumu
Atalalamikaje na hakuoni?

Dimu ya Mguuni
Wenye Toyota za zamani, pimeni kwanza kabla ya kunakili mchoro. Nyingi swichi inakata upande wa ethi, yaani waya wa kurudi bodi: waya wa pamoja kwenye soketi ndio wenye moto, na hizo mbili za fulu na dimu zinakwenda bodi kupitia swichi. Ukifuata mchoro wa gari la Ulaya unapata maajabu, fulu na dimu zinawaka nusunusu pamoja.

Volti Sita
Kobe wangu, Volkswagen ya zamani, bado ni wa volti 6. Wati zilezile, ampea mara mbili, kwa hiyo kila kiungo kibovu kinauma zaidi. Kwangu relei ilisaidia kuliko kitu chochote nilichowahi kulifanyia. Angalizo: lazima koili iwe ya volti 6, ya 12 inaweza isivute.

Kondakta Mstaafu
Na wenye dainamo msidanganyike, relei haizalishi umeme. Dainamo ya Lucas C40 inatoa ampea 22 ikiwa kwenye mwendo. Washa taa, waipa na feni, halafu simama kwenye foleni, uone betri inavyoliwa.

Mzee wa Kabureta
Hapo naafikiana nawe kwa mara ya kwanza leo.

Fulu Tanki
Viungo mnabana au mnachomelea risasi?

Dimu ya Mguuni
Bana, kwa koleo lake. Risasi inapanda ndani ya nyuzi za waya, panakuwa pagumu, mtikisiko unapakata.

Bodi Ngumu
Nachomelea risasi tangu zamani, haujakatika hata mmoja. Muhimu waya ushikwe usicheze. Na ethi mpya jamani! Watu wanabadilisha upande wa moto, ethi wanaiacha kwenye skrubu yenye kutu. Pima kutoka pini ya ethi ya balbu hadi hasi ya betri, taa zikiwa zimewaka.

Mgeni Kidogo
Shikamooni. Langu ni la zamani sana, chanya ndiyo iko kwenye bodi. Relei zitafanya kazi?

Mzee wa Kabureta
Marahaba. Zitafanya, koili ya kawaida haijali upande. Ila tazama mchoro ubavuni mwa relei: ukiona alama ya dayodi (kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kati ya pini 85 na 86 za koili, hiyo ina upande wake, tafuta isiyo nayo. Moto wa kutoka betri unaingia pini 30, wa kwenda taa unatoka pini 87.

Mgeni Kidogo
Na hii ya katikati, 87a?

Mzee wa Kabureta
Hiyo usiiunge popote, lakini ifunike. Taa zikiwa zimezimwa ina moto.