Mjadala: Je, Waburma waridhiane na jeshi lao, au waridhiane kwanza wao kwa wao?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tulijadili swali ambalo limenisumbua tangu majenerali wa Burma waitishe uchaguzi wao ulioanza tarehe 28 Desemba 2025. Chama cha National League for Democracy, kilichoshinda viti 396 kati ya 476 vilivyogombewa Novemba 2020, hakikuwemo, kwa kuwa kilifutwa mwaka 2023 baada ya kukataa kujisajili upya kwa masharti ya jeshi. Kiongozi wake, Aung San Suu Kyi, alikuwa kifungoni, na katika maeneo mengi yaliyo mikononi mwa vikosi vya upinzani kura haikupigwa kabisa. Hata hivyo wapo watu wenye nia njema wanaosema kwamba uchaguzi mbovu ni afadhali kuliko vita, na kwamba huo ndio mlango wa maridhiano. Mimi sikubaliani nao. Nitaeleza sababu zangu, kisha nitakuwa tayari kusahihishwa.

Nasema Burma kwa makusudi. Jina la Myanmar lilitangazwa na utawala wa kijeshi mwaka 1989 bila wananchi kuulizwa, na jina la zamani ndilo walilorudi nalo wazee wetu wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopigana kule mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakashuka Bonde la Kabaw kwenye tope na malaria hadi Kalewa, kando ya Mto Chindwin. Katika pande hizo hizo, mwaka 2021, vijana wa mji wa Kalay walisimama mbele ya jeshi la nchi yao wenyewe wakiwa na magobore ya kuwindia.

Sasa nije kwenye hoja. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu kinatenganisha mwafaka na maridhiano. Mwafaka hufungwa na wakubwa mezani, lakini maridhiano hayawi maridhiano mpaka yamfikie jirani na jirani yake. Kilichofanyika Burma kati ya mwaka 2011 na 2021 kilikuwa mwafaka. Majenerali walikuwa wamekwisha kuipitisha katiba yao kwa kura ya maoni ya Mei 2008, siku chache tu baada ya kimbunga Nargis kuacha watu wapatao 138,000 wakiwa wamekufa au hawajulikani walipo, wakati wakazi wa delta ya Irrawaddy walikuwa bado wanaopoa maiti za ndugu zao. Katiba hiyo ililipa jeshi robo ya viti vya bunge bila kupigiwa kura, ikalikabidhi wizara za ulinzi, mambo ya ndani na mipaka, na ikaweka sharti kwamba vifungu vyake vikuu havibadilishwi ila kwa kura zinazozidi asilimia 75, yaani ila kwa ridhaa ya jeshi lenyewe. Aung San Suu Kyi, baada ya kufungiwa nyumbani kwake kwa jumla ya takriban miaka 15, alikubali kuingia katika nyumba hiyo iliyokwisha kujengwa na wengine: akawa mbunge mwaka 2012, akashinda uchaguzi mkuu wa 2015, akawa Mshauri wa Taifa, yaani kiongozi halisi wa serikali, mwaka 2016. Dunia ilishangilia, nami nilishangilia kwa moyo wangu wote.

Lakini tulikuwa tunawatazama watu wawili, yeye na jemadari mkuu, tukawasahau wengine. Wabamar ni takriban theluthi mbili ya wananchi wa Burma. Waliobaki ni Washan, Wakaren, Wakachin, Wachin, Warakhine, Wamon, Wakarenni, Warohingya (Waislamu wa jimbo la Rakhine, magharibi mwa nchi) na wengine wengi, ambao kwao kadhia hii ilianza zamani. Tarehe 12 Februari 1947, katika mji wa Panglong, Aung San, baba yake Suu Kyi, alikubaliana na viongozi wa Washan, Wakachin na Wachin kwamba watadai uhuru pamoja, nao wataachiwa mamlaka ya kujiendeshea mambo yao. Wakaren hawakutia saini. Miezi mitano baadaye Aung San aliuawa, na mwaka 1962 Jenerali Ne Win alipindua serikali kwa madai kwamba shirikisho lingeivunja nchi. Ahadi ya Panglong haijatimizwa hadi leo, na kutotimizwa kwake ndiko kulikolipa jeshi kisingizio cha kujiita mlinzi wa umoja wa taifa kwa zaidi ya miaka 60.

Kwa hiyo tumaini langu haliko kwenye masanduku ya kura ya majenerali. Liko kwenye jambo lililotokea baada ya mapinduzi ya tarehe 1 Februari 2021, ambalo halikuangaliwa sana huku kwetu. Wauguzi, walimu na wanafunzi wa Kibamar, walioanza kwa kugoma kazi na kugonga masufuria kila usiku saa mbili, walipoanza kupigwa risasi walikimbilia milimani kwa Wakaren na Wakachin, kwa watu waliofundishwa tangu shule ya msingi kuwaita waasi. Huko walipewa chakula, malazi na mafunzo. Wengi wao walisema hadharani kwamba sasa wamejua jeshi lilikuwa likiwafanyia nini wenzao, wakaomba radhi, na baadhi waliwaomba radhi hata Warohingya. Mwezi Juni 2021 Serikali ya Umoja wa Kitaifa, iliyoundwa na wabunge walionyang'anywa viti vyao pamoja na wawakilishi wa makabila, iliahidi kuifuta sheria ya uraia ya mwaka 1982 iliyowafanya Warohingya kuwa wageni katika ardhi yao. Haya ndiyo ninayoyaita maridhiano, na naamini mwafaka wowote na jeshi utakaotangulia mbele yake utayaua.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kuileta hoja kwa utaratibu, lakini nahofia kwamba unawadai Waburma jambo ambalo mataifa machache sana yameliweza wakati risasi zinalia. Umoja wa Mataifa unahesabu zaidi ya watu milioni tatu waliokimbia makazi yao ndani ya nchi. Tarehe 28 Machi 2025 tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.7 lilizipiga Sagaing na Mandalay na kuua zaidi ya watu 3,000, na hata katika majuma yale ya kufukua vifusi ndege za jeshi ziliendelea kudondosha mabomu. Mama aliyelala na wanawe chini ya turubai utamwambia asubiri mpaka makabila yote yamalize kuandika katiba ya shirikisho? Yeye anataka ndege zisiruke kesho asubuhi, na anayeweza kuzizuia zisiruke ni jenerali yule yule usiyetaka tuzungumze naye.

Pili, jeshi hilo haling'oki kirahisi. Tarehe 27 Oktoba 2023 vikundi vitatu vilivyoungana kaskazini mwa Shan vilianzisha mashambulizi makubwa, na kufikia Agosti 2024 mji wa Lashio, wenye makao makuu ya kamandi nzima ya kanda, ulikuwa umetekwa. Wengi wetu tulidhani mwisho umefika. Kisha China, yenye biashara na mabomba ya mafuta na gesi ndani ya nchi hiyo, ikawabana wapiganaji wa mpakani, na Aprili 2025 Lashio ikarudishwa kwa jeshi mezani. Tangu Februari 2024 vijana wanaandikishwa jeshini kwa lazima, na safu zilizopungua zinajazwa.

Tatu, naomba uitazame Indonesia. Chini ya Suharto jeshi lilikuwa na viti vya kuteuliwa bungeni na mkono katika kila wizara. Suharto alipoanguka mwaka 1998, wanamageuzi walizungumza na majenerali, viti vile vikapunguzwa, na kufikia mwaka 2004 vikaisha kabisa. Walioshika njia hiyo hawakuwa wasaliti. Walijua kwamba askari hutolewa ikulu hatua kwa hatua.

Mleta mada

Ndugu yangu, habari ya mama aliye chini ya turubai imenigusa, na sitaki kuipita haraka. Kusimamisha mabomu ili dawa na chakula vipite ni jambo la kuzungumzwa na yeyote, hata na jenerali, hata leo usiku. Ninachokataa ni kumuuzia jenerali uhalali kama bei ya kusimamisha mabomu, kwa sababu bei hiyo ilikwisha kulipwa mara moja na mabomu yakarudi.

Njia ya Indonesia Waburma waliijaribu. Mwaka 2020 chama cha Suu Kyi kilipeleka bungeni pendekezo la kupunguza viti vya jeshi kidogo kidogo: kutoka asilimia 25 hadi 15, kisha 10, kisha 5, bunge baada ya bunge. Lilikuwa pendekezo la upole na uvumilivu wa namna hiyo hiyo unayoisifu. Mwezi Machi wabunge wenye magwanda walilipigia kura ya hapana, na kwa kuwa katiba inadai zaidi ya asilimia 75, likafa. Haikupita hata mwaka, jeshi likachukua asilimia zote mia moja. Indonesia jeshi halikushika ufunguo wa kuibadilisha katiba, Burma limeushika. Hiyo si tofauti ndogo.

Na kuhusu mazungumzo, Min Aung Hlaing, jemadari mkuu aliyeongoza mapinduzi ya 2021, mwenyewe alikwenda Jakarta tarehe 24 Aprili 2021, akakaa na viongozi wa ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, na makubaliano ya vipengele vitano yakatangazwa, cha kwanza kikiwa ni kukomesha ukatili mara moja. Julai 2022 wafungwa wanne wa kisiasa walinyongwa, akiwemo Phyo Zeya Thaw, aliyekuwa mbunge, na Kyaw Min Yu, mmoja wa vijana wa maandamano makubwa ya 1988.

Nikumbushe pia lililotokea mwaka 2007, kwa kuwa Waburma wana elimu yao wenyewe kuhusu suluhu. Askari walipowapiga watawa wa Kibudha katika mji wa Pakokku, watawa hawakudai majenerali wapigwe. Walidai waombwe radhi, wakaweka siku ya mwisho, na siku hiyo ilipopita kimya wakayageuza mabakuli yao ya sadaka kifudifudi, maana yake hawatapokea kitu kutoka mkononi mwa mwanajeshi wala jamaa yake, na hivyo wanamnyima thawabu. Kwa Mbudha hilo ni zito mno. Lakini kwa sheria yao adhabu hiyo haikati udugu moja kwa moja: mkosaji akikiri na kuomba radhi, bakuli hugeuzwa tena. Wakaingia mabarabarani wakisoma sala ya kuwatakia mema viumbe wote, pamoja na waliowashikia bunduki. Waburma hawajawahi kukosa mlango wa kuridhiana na jeshi. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye nyota begani wa kusema tulikosa.

Mchangiaji wa pili

Kwa heshima yenu nyote wawili, nimesoma neno Warohingya mara chache tu, na mara zote likipita njiani kuelekea jambo jingine. Naomba tukae nalo.

Kofi Annan, yule yule aliyekuja Nairobi mwaka 2008 kuwapatanisha Kibaki na Odinga, aliongoza tume kuhusu jimbo la Rakhine kwa ombi la Suu Kyi. Ripoti yake ilitolewa tarehe 24 Agosti 2017, ikipendekeza pamoja na mengine kwamba sheria ya uraia ipitiwe upya. Kesho yake wapiganaji wa Kirohingya walishambulia vituo vya polisi, na jeshi likajibu kwa kuchoma vijiji. Watu zaidi ya 700,000 wakavuka kwenda Bangladesh. Gambia ilipofungua kesi ya mauaji ya kimbari dhidi ya Burma katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, Novemba 2019, waziri wake wa sheria alikuwa Abubacarr Tambadou, ambaye aliwahi kufanya kazi katika mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda pale Arusha, na kiti cha urais wa mahakama kilikaliwa na Abdulqawi Yusuf wa Somalia. Aliyesimama kulitetea jeshi ni Suu Kyi. Lakini nisikilize hapa, ndugu mleta mada: siku zile alizokwenda, maelfu ya raia waliandamana mijini kumuunga mkono. Wengi wao bila shaka ni hao hao walioomba radhi mwaka 2021, baada ya risasi kuwageukia wao. Siwabezi. Toba iliyochelewa bado ni toba. Nauliza tu ina mizizi kiasi gani.

Nauliza pia kwa sababu ya Rakhine yenyewe. Leo sehemu kubwa ya jimbo hilo iko chini ya Jeshi la Arakan, kikundi cha wapiganaji wa Kirakhine, lililoliteka kutoka kwa majenerali. Mwezi Mei 2024 mji wa Buthidaung uliteketea, na Warohingya waliokimbia walilitaja Jeshi la Arakan, ambalo limekana. Upande wa pili, majenerali waliwaandikisha kwa nguvu vijana wa Kirohingya, watu ambao kisheria si raia, wapigane na Warakhine. Kwa hiyo ukisema maridhiano ya wananchi kwa wananchi, mimi naona watu wawili maskini wa pwani moja wanaouana huku jeshi likitazama.

Mleta mada

Nakubali kwamba nilipita haraka, na kwamba nimeandika kana kwamba milimani kote ni kama nilivyoeleza. Sivyo ilivyo Rakhine. Serikali ya Umoja wa Kitaifa ilimteua Mrohingya kuwa naibu waziri wa haki za binadamu mwaka 2023, na nililiona hilo kuwa ushahidi wa hoja yangu. Lakini serikali hiyo haina kijiji hata kimoja Buthidaung, na ahadi yake ya 2021 haiwezi kumrudisha mtu shambani kwake bila idhini ya Jeshi la Arakan.

Basi nalibadilisha swali langu, na ningependa wachangiaji wanaofuata walijibu hili. Bado nashikilia kwamba Waburma wasilipe jeshi uhalali wowote kabla ya kuwekeana ahadi wao kwa wao. Lakini ahadi hiyo mtihani wake uko Rakhine, kabla ya Mandalay na Yangon. Je, mataifa yanayowaunga mkono wapinzani wa jeshi yafanye urejeo wa Warohingya walioko kwenye kambi za wakimbizi za Cox's Bazar, Bangladesh, kuwa sharti la msaada wao sasa, vita vikiwa bado vinaendelea, au sharti hilo litalirudisha Jeshi la Arakan mikononi mwa majenerali? Mchangiaji wa kwanza, nadhani utasema sharti hilo lisubiri. Wewe wa pili nadhani utasema limekwisha kusubiri tangu 1982. Mimi ninaelekea upande wa pili, ingawa naiona hatari yake.