Naombeni ushauri: mdogo wangu haoni, anataka kujua maandishi ya wino

Dada_wa_Wete

Assalaam aleikum wana jukwaa. Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 22, hajaona tangu surua ilipompitia machoni kabla hajaanza skuli. Nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa kidole, anaisoma vizuri sana, ya Kiswahili na ya Kiarabu, na Msahafu wake wa nukta nundu anaufungua mwenyewe bila kumuomba mtu. Kwa hiyo msinijibu nimpeleke akafundishwe nukta nundu, hilo tumeshalimaliza.

Shida yetu ni maandishi ya wino, haya ya kawaida wanayoyasoma wanaoona. Karibuni tulikwenda ofisi moja kuweka sawa karatasi za mikarafuu aliyoachiwa na marehemu baba. Karani akasoma haraka haraka, akamshika dole gumba akalibandika kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Mdogo wangu akauliza, "Nimeweka dole kwenye nini?" Karani akanijibu mimi. Yeye hakumjibu. Tangu siku ile anasema anataka kuzijua herufi zile zile wanazozitumia wao, na anataka kutia saini kwa mkono wake.

Sasa mtoto wa ami yetu yuko Uingereza, kamuonea mashine ya mtumba inayoitwa Optacon. Anasema unapitisha kamera ndogo juu ya maandishi, na kidole cha mkono wa pili kinahisi umbo la herufi. Bei si ndogo, itabidi tuuze kitu. Tununue? Na mtu ambaye hajapata kuiona herufi hata moja anaweza kujifunza maumbo yake ukubwani?

Kijana_Darajani

Dada, pesa hizo nunueni simu nzuri. Kuna programu za simu, Lookout na Seeing AI, zote za bure. Anaelekeza kamera kwenye karatasi, simu inamsomea. Mambo ya mashine za zamani yameshapitwa.

Mwalimu_Mstaafu

Wa aleikum salaam binti yangu. Mimi sioni, na Optacon niliitumia nilipokuwa masomoni nje miaka ya themanini, kwa hiyo haya nayasema kwa kidole changu.

Aliyeibuni ni John Linvill, profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Binti yake Candy alipofuka akiwa na miaka 3. Mwaka 1962 Linvill alikuwa Ujerumani, akaiona mashine ya kuchapa ya kompyuta inayogonga herufi kwa vipini vidogo, akawaza: kidole kikiwekwa juu ya vipini hivi, si kitaisoma herufi? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mashine ikaanza kuuzwa. Candy aliitumia katika masomo yake mpaka akapata shahada ya uzamivu ya saikolojia. Nakutajia haya umwambie mdogo wako kwamba hamu aliyonayo wenzake waliwahi kuwa nayo, na wakafika.

Inafanya kazi hivi. Mkono wa kulia unaishika kamera na kuipitisha juu ya mstari. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinalala ndani ya kijishimo chenye vipini 144, safu 24 za vipini sita sita. Penye wino vipini vinatetemeka, penye weupe vinatulia. Mwanzo unahisi sisimizi tu wanakutembelea kidoleni. Siku zinavyokwenda ile tetemeko inaanza kuwa na sura: o ni duara, c ni duara lililo wazi upande mmoja, e ni c yenye kijistari katikati. Ugumu mkubwa uko kwenye mkono wa kamera, wala si kwenye kidole. Kamera ikishuka kidogo tu kichwa cha herufi kinakatika, na h inakuwa n. Mimi nilikuwa naweka rula chini ya mstari na kuiegemeza kamera hapo.

Mafunzo ya kawaida yalikuwa kama saa 50 na mwalimu, halafu mazoezi ya kila siku. Wengi wetu tulifika maneno 30 hadi 50 kwa dakika. Anayesoma nukta nundu vizuri anapita hapo mara mbili.

Swali lako la pili nalijibu kwanza: ndiyo, anaweza. Nilisoma pamoja na watu waliozaliwa hawaoni, na herufi walizijua.

La kwanza: msinunue. Optacon iliacha kutengenezwa mwaka 1996. Vile vipini vinasukumwa na vijisahani vyembamba, na vikivunjika hapa hakuna wa kuvibadilisha. Betri zake ni za kuchaji za zamani, na mashine nyingi zilitengenezwa kwa umeme wa Marekani. Kuuza mali ya familia kwa chombo ambacho fundi wake hayupo, mimi siwezi kukushauri.

Lakini Kijana_Darajani, hapo umejibu nusu ya swali. Simu itamwambia karatasi inasema nini. Haitampa herufi, wala haitamtilia saini. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina dawa yake.

Kijana_Darajani

Nimekuelewa mwalimu. Basi kwenye simu niongeze hili: kwa simu za Android, sauti ya Kiswahili ipo kwenye mfumo wa Google wa kusomesha maandishi, mwekee hiyo. Akiachiwa sauti ya Kiingereza isome Kiswahili hataelewa kitu.

Bint_Mkoani

Mimi naona bado hamjaligusa lililomuumiza. Simu ikisoma kwa sauti mbele ya karani, watu wote kwenye foleni wanasikia mambo ya shamba lake. Na mwandiko wa mkono simu inaubabaisha, na risiti zilizofifia ndiyo kabisa. Mashine ya kidole ilikuwa inakutunzia siri yako. Hilo mwalimu hukulitaja.

Mwalimu_Mstaafu

Umesema kweli, na kwa hilo hasa naikumbuka Optacon mpaka leo. Barua yangu niliisoma peke yangu. Tena haikubagua lugha, maana haikutafsiri kitu, ilikuletea sura iliyopo: noti za muziki, hesabu, chochote. Mwandiko wa mkono hata kwayo ulikuwa mgumu. Kwa simu, avae kisikilizi sikio moja, jingine limsikilize karani. Na karatasi aiombe mapema, akaisome nyumbani kabla ya siku ya kutia saini. Ana haki ya kujua anachokiwekea mkono.

Mama_Piko

Shoga, mimi kazi yangu kupamba maharusi hapa Chake, na nina mtoto wa dada yangu haoni. Herufi nilimfundisha kwa koni ya piko. Chukua koni tupu, tia gundi nyeupe ya mbao, kata ncha ndogo, andika herufi kwenye kadi ngumu kama unavyochora ua. Iache ikauke mpaka asubuhi. Gundi ikikauka inanywea, kwa hiyo pitisha mara ya pili juu ya mstari ule ule, ndipo inanyanyuka vizuri na kidole kinaifuata. Mstari uwe mwembamba. Ukiwa mnene, tumbo la a linajaa gundi na mtoto anahisi donge tu. Pembe ya juu kulia ikate kidogo, ajue kadi imekaa sawa, la sivyo ataisoma b ukamwambia amekosea na kumbe kashika q.

Dada_wa_Wete

Allah awalipe nyote. Nimemsomea majibu yote, na yule wa Uingereza nimeshamwambia asitoe pesa. Mdogo wangu anauliza mambo matatu. Aanze herufi kubwa au ndogo? Kiarabu cha wino nacho anaweza? Na saini atafanyaje asipotoke nje ya mstari?

Mwalimu_Mstaafu

Aanze kubwa, maana zina mistari iliyonyooka na hazifanani sana. Lakini asikae hapo muda mrefu, kwani barua na vitabu vimejaa ndogo. Mpe kwanza herufi za jina lake.

Kiarabu anaweza, ila mwambie mapema ajiandae. Nukta nundu ya Kiarabu anaisoma kutoka kushoto kwenda kulia, ya wino inakwenda kulia kwenda kushoto. Na herufi ya wino inabadilika sura ikiwa mwanzo, kati au mwisho wa neno, jambo ambalo kwenye nukta nundu hajakutana nalo. Namshauri amalize herufi za Kiswahili kwanza.

Kuandika, tafuta ubao wenye mpira juu, hata soli ya kandambili iliyopasuliwa ikabandikwa. Tandika juu yake plastiki laini ya kufunikia madaftari, aandike kwa kalamu ya wino iliyokauka. Mstari unakunjamana pale pale, naye anausikia kwa kidole wakati anaandika. Hapo atakosoa mwandiko wake mwenyewe, hahitaji wewe kumwambia.

Saini: chukua kadi ya plastiki isiyotumika, kata dirisha refu jembamba katikati. Kadi inawekwa kwenye mstari wa saini, kalamu inacheza ndani ya dirisha. Mtu anayemuamini amuwekee kadi mahali pake, kuandika aandike yeye. Achague saini fupi, herufi mbili tatu zinazoungana bila kunyanyua kalamu, kwa sababu kalamu ikinyanyuka ndipo mahali panapopotea. Na aizoee iwe ile ile kila mara.

Bint_Mkoani

Na dada, mkienda tena ofisini, karani akikuuliza wewe, nyamaza. Mwache mdogo wako ajibu.

Dada_wa_Wete

Nitanyamaza, inshallah. Mama_Piko, gundi ya mbao ninayo, koni sina. Mfuko wa plastiki wa sukari nikiukunja utafaa?

Mama_Piko

Unafaa, uwe mgumu kidogo, ubane mshono kwa seloteki. Jaribu kwenye gazeti kwanza mpaka mstari utoke sawa, ndipo uandike kwenye kadi.