Tupeane uzoefu: mashine ya boti ya zamani ikizima majini, ulijuaje ni mafuta au ni moto wa plagi?

Mleta mada, Igombe

Wakuu, habari za leo. Nina mashine ya boti aliyoniachia marehemu baba, Evinrude ya nguvu za farasi 18 ya miaka ya 1960. Silinda mbili, kabureta moja, pointi zake, vile viswichi vya kukata na kuunga umeme wa plagi, ziko chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu. Asubuhi ukivuta kamba mara mbili inawaka vizuri kabisa. Shida inaanza tukishakwenda kama dakika ishirini. Inapungua nguvu, boti inatetemeka, mlio unabadilika, tunabaki kama tunasukumwa na silinda moja, halafu inazima. Ukiiacha nusu saa ikapoa, inawaka tena kama hakuna kilichotokea.

Kabureta nimeisafisha mara tatu. Plagi nimebadilisha. Hata kituo ninachonunua petroli nimebadilisha. Wiki iliyopita ilituzimikia kati ya Igombe na Kayenze, huku kwetu Mwanza, Ziwa Victoria, upepo umeshageuka, na ndani nilikuwa na mdogo wangu asiyejua kuogelea. Tulipiga kasia mpaka mikono ikatoka malengelenge. Tangu siku ile nikisikia mlio wa mashine umebadilika kidogo tu, tumbo linanikata.

Evinrude zenyewe zilishaacha kutengenezwa mwaka 2020, kwa hiyo spea si ya kwenda dukani ukarudi nayo. Naomba kila aliyewahi kuhangaika na mafuta au moto wa plagi kwenye mashine ya zamani aeleze ilikuwaje na alijuaje. Si lazima ifanane na yangu.

Mwenye boti za dagaa, Kirumba

Mdogo wangu, pole sana, na mshukuru Mungu mlifika.

Yangu ilikuwa hewa ya tangi. Mashine inakwenda dakika kumi, inakufa. Vijana wakirudi asubuhi wananiambia "mama, kabureta". Nikalipa fundi mara mbili, na giza lile lote, zile siku zisizo na mwezi za kuvua dagaa, tulilipoteza kwa sababu boti haifiki kwenye dagaa. Mwisho nikasema leo napanda mwenyewe. Ilipozima nikamulika na tochi, nikaona lile pira la kupampia mafuta limebonyea kama embe lililofyonzwa. Nikalegeza mfuniko wa tangi. Lilivuta pumzi, fyuuu, pira likarudi umbo lake, tukapampu, tukaondoka. Kile kitundu cha skrubu ya kupitishia hewa kwenye mfuniko kilikuwa kimezibwa na rangi. Mtu alipaka tangi rangi akapitiliza.

Siku hizi mashine ikizima, mkono wangu unaanza kwenye pira kabla ya kitu kingine. Likiwa limebonyea, kizuizi kiko upande wa tangi. Ukilipampu halikazi kabisa, ama hewa inaingia mahali, kwenye mpira uliochanika au pale bomba linapochomekwa, ama pira lenyewe vali zake zimechoka. Likiwa limekaza vizuri na mashine bado haitaki, basi mtafute mchawi mbele yake.

Na kwa wenzangu wa dagaa: karabai ikiwaka, petroli isimiminwe kwenye boti hiyo. Nimeona mtu akiungua usoni, sitaki kuona tena.

Sengerema

Mimi maji. Dumu nililaza nje usiku, mvua ikanyesha, mfuniko ulikuwa na ufa. Tangu hapo kila petroli naimimina kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyo nyeupe, naiacha itulie. Maji yanakaa chini, mstari unauona kwa macho. Ukishayakuta humo, usiishie kwenye tangi, fungua na bakuli la kabureta uyamwage, maana yaliyoingia hayatoki yenyewe.

Nahodha mstaafu, Nansio

Mwangaluka bhabha na bhamayu.

Kijana, mimi nilikuwa na mashine ya kizamani kama hiyo yako, silinda mbili, nikivusha watu kwenda Ukara. Plagi ya juu ilikuwa inalowa kila siku. Naitoa, naifuta, naichoma kidogo, inapiga, baada ya muda imelowa tena. Nikanunua plagi, nikanunua koili inayoupa umeme wa plagi nguvu, nikanunua kondensa inayosaidia pointi. Fedha ya msimu mzima ikaishia humo, na ugonjwa haukuwa kwenye moto hata kidogo.

Pampu ya mafuta ya mashine hizi ina kiwambo cha mpira ndani. Hakisukumwi na chuma, kinasukumwa na pumzi ya chini ya pistoni, kupitia kitundu kilichotobolewa kwenye silinda moja. Kiwambo kikitoboka, petroli inanyonywa moja kwa moja kwenye silinda ile, bila kupita kwenye kabureta. Inakunywa kupita kiasi, plagi inalowa, na wewe unalaumu plagi. Nilipofungua pampu nikakinyanyua kiwambo juani, nikaona mwanga unapita sehemu ndogo kama kichwa cha pini. Ndiyo hiyo iliyonimaliza.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Plagi yangu ya chini nayo huwa imelowa ikizima. Je, ndiyo kiwambo?

Nahodha mstaafu, Nansio

Marahaba. Inaweza kuwa. Lakini yangu haikujali joto, ililowa hata asubuhi. Hapo ndipo yako inanipa shaka. Tuwasubiri mafundi.

Fundi mashine, Mabatini

Ndugu mleta mada, jibu lako liko kwenye maelezo yako mwenyewe. Umesema kabla ya kuzima inabaki silinda moja. Kabureta yako ni moja na inalisha silinda zote mbili. Mafuta yakikatika, zinakufa zote pamoja. Inayokufa peke yake ina sababu yake peke yake, na kwenye mashine hiyo kila silinda ina pointi zake, kondensa yake na koili yake. Achana na kabureta, usiifungue mara ya nne.

Plagi kulowa hakukuambii chochote bado. Silinda isiyo na moto nayo inalowa, kwa sababu mafuta yanaingia na hayaungui. Kinachotenganisha kiwambo cha mzee na koili ni kuangalia moto mashine ikiwa ya moto, pale pale ilipozima. Ukisubiri ipoe umeshapoteza ushahidi. Toa plagi, irudishe kwenye waya wake, bana chuma chake kwenye bloku mbali na tundu la silinda. Bomba la mafuta lichomoe kwanza na petroli iliyomwagika ifute, mvuke wake unashika moto. Mtu avute kamba. Ukiona cheche ya buluu inalia tap tap, fungua pampu. Ukiona cheche ya njano iliyofifia, au hakuna kitu, ni moto.

Koili za umri huo ganda lake hupasuka. Ikiwa baridi ufa umebana, ikipata joto unaachia na umeme unakimbilia kwenye bodi badala ya kwenda kwenye plagi. Ndiyo maana inapona ikipoa. Ukishavua flaiwili, pima na pointi, uwazi wake ni milimita 0.5 zikiwa zimefunguka mwisho. Zisugue na msasa laini, kisha zipitishe karatasi safi, mafuta ya kidole tu yanatosha kuzikatisha. Flaiwili usiivue kwa nyundo, tumia kivutio chake, na uangalie ile kii yake ndogo kama haijakatika.

Tena fanyia jaribio hilo ufukweni, funga boti kwenye nguzo. Usiende nayo Kayenze kujaribu.

Mleta mada (siku tano baadaye)

Wakuu, nimerudi na majibu.

Nilifunga boti kwa kamba mbili hapa mwaloni, nikaiacha ivute. Dakika kumi na nane ikaanza kutetemeka. Pira nikalishika, limekaza. Nikazima mwenyewe, nikachomoa plagi ya chini, mdogo wangu akavuta kamba. Giza. Hakuna cheche hata moja. Ya juu inapiga buluu safi.

Tulipovua flaiwili, koili ya silinda ya chini ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kuanzia pembeni mpaka linapotokea waya la plagi, na kwenye ufa huo kuna mstari mweusi wa kuungua. Ya juu nayo imeshaanza kupasuka, tukatoa zote. Fundi mmoja huku Ilemela alikuwa na mashine ya aina hiyo iliyokufa pistoni, tukanyofoa koili zake mbili. Kiwambo cha pampu nilikiangalia juani kama alivyosema mzee, ni kizima.

Jana tumekwenda Kayenze na kurudi bila kuzima. Bado inatoa moshi mweusi nikiwa taratibu, na plagi zinatoka na masizi.

Fundi mashine, Mabatini

Hongera sana. Moshi huo ni mafuta yamezidi hewa. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko pwani, na skrubu ile ya mbele ya kabureta wengi wanaiacha ilivyokuwa. Ifunge taratibu mpaka iguse, usiikaze, ncha yake itaharibika. Ifungue mzunguko mmoja na nusu, pasha mashine moto, halafu ipunguze kidogo kidogo mpaka itulie. Oili unachanganya kiasi gani?

Mleta mada

Mililita 400 kwa dumu la lita 20, hamsini kwa moja. Baba alikuwa anakadiria kwa kikombe.

Fundi mashine, Mabatini

Hiyo usiiguse. Gusa skrubu tu, kesho asubuhi, utuambie.