"Allocate to" au "allocate for"?

Mtu wa Tukuyu:
Wakuu, habari za jioni. Tunaandaa andiko la mradi wa kikundi cha parachichi huku Rungwe, linatakiwa kwa Kiingereza. Tumekwama hapa: "We allocated 400 seedlings for 20 farmers." Mwenzangu anang'ang'ania "to". Nani yuko sahihi? Na "assign" inatumika wapi?

Uyole Juu:
Mwenzako. Mpokeaji huja na "to", matumizi huja na "for": "Two million shillings was allocated to the group for irrigation." Kinachotuponza ni "kwa" yetu. Tumetenga miche kwa wakulima, fedha kwa umwagiliaji, tumesafiri kwa basi, zote "kwa"! Jiulize: huyu anaweza kusaini daftari la mapokezi? Mkulima anasaini, umwagiliaji hausaini.

Kamwene:
Kipimo cha daftari kizuri, ila usikikaze mno. "Funds allocated to irrigation" ni Kiingereza safi pia, maana hapo umwagiliaji umekuwa kifungu cha bajeti kinachopokea fedha. Na "for 20 farmers" sarufi yake haina kosa. Inasomeka tu kwamba miche imewekwa kando kwa ajili yao, bado hawajagawiwa. Shida kubwa zaidi iko kwenye hesabu: "400 seedlings to 20 farmers" haisemi kila mmoja anapata mingapi. Andika "400 seedlings among 20 farmers, 20 each", mfadhili asibaki anakisia.

"Assign" mpe mtu na kazi yake: "An extension officer was assigned to the group." Bwana shamba ukimwandikia "allocated" si kosa, ila unamhesabu pamoja na mifuko ya mbolea.

Uyole Juu:
Kamwene, nakubali. Niongeze kosa linalojirudia sana kwenye maandiko: "The group was allocated with 400 seedlings." Hiyo "with" itoe, "was allocated 400 seedlings" inatosha. Na herufi muziangalie: "funds were located" maana yake fedha zilikuwa zimepotea, zikapatikana!

Mtu wa Tukuyu:
Daftari limenikaa. Tukiandika "set aside" je?

Kamwene:
Inafaa, ni "kutenga" kabisa. Ukiitumia hiyo, endelea na "for", hata kwa mkulima: "set aside for 20 farmers". Ila mkishagawa miche, rudini kwenye "allocated to" au "given to".