Naomba ushauri: sensa ya oksijeni, mpya au ya mtumba?

Wakuu, gari ni Corolla NZE121 ya 2003, ipo Moshi. Inabugia mafuta, plagi zina masizi, mashine ya kupima hitilafu inaonyesha kodi P0172 (mchanganyiko una mafuta mengi mno) na P0135 (hitilafu ya hita ya sensa ya oksijeni). Sensa ya joto la maji ni mpya: inapima omu 2,400 ikiwa baridi, 300 ikichemka, kwa hiyo hiyo si mchawi. Waya mbili za hita (ya kupasha sensa joto) za sensa ya oksijeni ya mbele, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, hazisomi kabisa, hita imekatika.

Fundi anataka kufunga ya mtumba kwa kuunga waya. Naona ni hatari, kiungo kikishika kutu kinapotosha usomaji. Je, ninunue mpya yenye soketi yake? Na hii ya zamani imegandia kwenye ekzosi. Spana 22 inateleza. Niifungue injini ikiwa ya moto, nyuzi za tundu inapofungwa zisichunike?