Ultrasaundi imesema mrija wa kushoto umeziba, niamini?

MamaBado_Umoja
Hamjambo wadau, naombeni msaada kabla sijachizi. Niko na miaka 33, tumetafuta mtoto miaka miwili sasa na hakuna kitu. Jumanne nikafanyiwa ile ultrasaundi ya mirija ya uzazi, HyCoSy, wanakuwekea kamrija kembamba kwa mlango wa kizazi halafu wanasukuma povu wakiangalia kwa skrini. Uchungu ulinijia ghafla upande wa kushoto nikakaza mwili wote, sista ananiambia "mama pumua, pumua", daktari naye anasema haoni kitu kikipita hapo. Nimeshuka kitandani napewa karatasi, kulia wazi, kushoto umeziba, na ati nianze kutafuta pesa za IVF, ile ya kutungishiwa mimba maabara. Jamani hiyo pesa ni shamba la mtu! Hii kipimo inaaminika ama nirudie na ile ya eksirei? Na bado natokwa na damu kidogo, leo siku ya pili.

ChaiYaSaaKumi
Pole dada. Yangu ya mwaka jana nilisikia jasho baridi, masikio yakaanza kulia nziiii, nikajipata nimeinuliwa miguu na sista ananipepea na faili. Nikaambiwa mlango wa kizazi ukiguswa watu wengine mapigo ya moyo yanashuka, baada ya dakika kumi nilikuwa sawa nikanywa soda nikapanda matatu. Hakuna aliyeniambia nimeze dawa ya maumivu saa moja kabla, hiyo ndio iliniuma kuliko kipimo chenyewe.

SistaWaSkani
Nafanya kazi chumba cha skani, wacha niseme. Karatasi ikikuambia mrija uko wazi, amini sana. Ikisema umeziba ndio uanze kuuliza maswali. Mrija una misuli, ukishtuka unajikaza pale unapoungana na kizazi, povu linagonga hapo linarudi. Halafu povu ni kama maji ya mvua, linafuata penye mteremko, wa kulia ukipitisha vizuri lote linaenda huko na wa kushoto unasingiziwa. Na wewe mwenyewe umesema ulikaza mwili.

Kuhusu eksirei, kuna uchambuzi wa tafiti wa 2014 uliolinganisha vyote viwili na laparoskopi (ile ya kuingiza kamera tumboni), skani ilinasa mirija iliyoziba karibu 92 kwa 100, eksirei 94. Hapo hakuna tofauti ya kukukimbiza mjini, hata kwa eksirei mrija hujikaza, na unaongeza mionzi na dawa ya ayodini. Chenye vyote viwili vinakosa ni makovu ya nje, yale yanashika mrija usifikie yai. Hayo yanataka laparoskopi, unalazwa usingizi, unatobolewa karibu na kitovu na wanapitisha rangi ya bluu.

Muulize daktari kitu kimoja tu, povu liliishia wapi? Likiishia mwanzoni kabisa inaweza kuwa ni mkazo, unaweza kurudiwa mwezi mwingine baada ya hedhi. Lakini likiingia mpaka mwisho na mrija ukavimba kama soseji iliyojaa maji, hiyo ni shida ya kweli, hayo maji yanaharibu hata IVF yenyewe.

Damu kidogo siku mbili si neno. Homa, uchafu unaonuka ama tumbo linalozidi kuuma, usingoje kesho. Maambukizi ni nadra lakini kama ulishawahi kuugua klamidia, ule ugonjwa wa zinaa, ama maambukizi ya kizazi na mirija (PID), ungefaa kuwa umewaambia kabla wakupe antibayotiki.

BabaWawili
Swali la kijinga, mzee wako amepimwa mbegu? Bibi yangu alitobolewa, akapigwa picha, akameza kila kitu, mimi nikienda kujaza kale kakikombe ndio shida ikaonekana ni kwangu. Kipimo ni rahisi, hakuna sindano, na tulipoteza mwaka mzima juu ya kiburi changu.

MamaBado_Umoja
@BabaWawili hajapimwa, ati wao kwao hawana hizo shida 😒 Nimemsomea hii comment yako kwa sauti tukikula, akanyamaza, akamaliza ugali, akasema Jumamosi.

@SistaWaSkani nimetoa karatasi kwa mkoba nikasoma tena pole pole, imeandikwa povu halikupita kona ya kizazi upande wa kushoto. Hakuna mahali wameandika maji wala kuvimba. Damu imeisha asubuhi, homa sina.

SistaWaSkani
Kona? Hapo ndio mwanzoni kabisa, basi usiuze shamba bado. Mngoje hiyo ya Jumamosi, halafu mkirudi kwa daktari mwambie wazi ulikaza mwili na unataka irudiwe ukiwa umemeza dawa ya maumivu kabla. Na mwezi huo, kuanzia hedhi mpaka siku ya kipimo, msikutane bila kinga, hatutaki kusukuma povu na kumbe kuna mtu ndani.